Cheti Kina Jina Gani?

Waitu mlioko Izimbya, Rubale na Katoro, na ninyi wa upande wa Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba, leo naomba tuongee kompyuta. Najua kuna watakaotaka kubadili stesheni. Subirini kwanza. Siongelei kompyuta za wakubwa Dodoma. Naongelea ile iliyo kwenye dirisha la malipo hospitalini, inayojua jina lako, umri wako, ulichopimwa na majibu yaliyotoka. Naongelea na ile ya karani wa chama cha msingi, inayojua umeleta kilo ngapi za kahawa ya maganda na unadai shilingi ngapi.

Sasa ingia kwenye ofisi zenye mifumo ya namna hiyo, si mkoani kwetu tu, uchungulie nyuma ya bega la mhudumu anapoanza kazi asubuhi. Mara nyingi utaona ukurasa wenye alama nyekundu, kufuli limepigwa mstari, na maneno ya Kiingereza yanayosema muunganisho huu si salama. Mhudumu hashtuki. Anabonyeza neno dogo lililo chini, anabonyeza jingine, ukurasa wa kazi unafunguka, anaita, "Anayefuata!" Ukimwuliza mbona kompyuta imemkataza, atakujibu kwa upole kwamba ndivyo ilivyo tangu mfumo ulipofungwa. Mtu wa IT aliwaambia, ikija hiyo, bonyeza tu.

Bonyeza tu. Maneno hayo mawili ndiyo niliyoyafuata leo, na lawama zangu haziendi kwa dada wa dirishani. Zinakwenda kwa aliyemfundisha, na kwa uongozi uliolipa kazi ile na kuipokea ikiwa hivyo.

Tuanze na kile ambacho kompyuta inakikataa. Ukienda benki kufungua akaunti, mara nyingi utaombwa barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Karani wa benki hakujui wewe, ila muhuri anaujua. Anautazama muhuri, anatazama tarehe, kisha analinganisha jina la kwenye barua na jina la kwenye kitambulisho chako cha NIDA. Barua ikisema Kokushubira na kitambulisho kikisema Kokushubila, safari yako imeishia hapo, hata kama muhuri ni halali na mtendaji mwenyewe ni mjomba wako.

Cheti cha usalama cha seva, yaani ile kompyuta inayohifadhi mfumo, ni barua ya namna hiyo. Kinasema seva hii inaitwa fulani, aliyethibitisha ni mamlaka fulani ya vyeti, muhuri wake ni huu, na kinatumika kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Ndani yake umo pia ufunguo wa umma. Seva nayo inabaki na mwenzake, ufunguo wa siri, na kwa jozi hiyo inathibitisha kwamba yenyewe ndiyo mwenye cheti. Ikishatambuliwa, seva na kompyuta iliyoiita zinapatana namna ya kuyafumba mazungumzo yao, mtu wa katikati asisome kitu. Muundo wa vyeti hivi, uitwao X.509, ni wa mwaka 1988. Kampuni ya Netscape ikauingiza kwenye kurasa za intaneti katikati ya miaka ya 1990, na toleo la utaratibu wa kufumba mazungumzo linalopendekezwa leo, TLS 1.3, lilikamilika mwaka 2018. Si jambo geni basi. Lina umri wa mtu mwenye watoto.

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, kikipokea cheti kinauliza mambo matatu. Muhuri huu naujua? Tarehe ziko sawa? Na niliyemwita kwa jina ndiye aliyeitika? Mafundi wengi hujiandaa kwa swali la kwanza. Linalowaangusha ni la tatu.

Tuseme kuna hospitali ya misheni kijijini. Msiitafute, naitunga ili tuelewane. Seva yake imewekwa kwenye chumba cha mhasibu, karibu na kabati la risiti. Siku mfumo ulipofungwa, seva ile ilikuwa na majina matatu. La kwanza ni SERVER1, alilolipa fundi wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. La pili si jina hasa, ni anwani ya ndani, 192.168.1.10. La tatu ni jina la kikoa ambalo uongozi umelisajili na kulilipia, tuliite mfumo.mfano.or.tz. Fundi akaomba cheti kwa jina la tatu, akakipata, akakipakia, akafungua kwenye kompyuta yake ya mkononi, kufuli likatulia. Akakunja waya zake akaondoka.

Kesho yake dada wa dirishani akaandika 192.168.1.10 kama alivyozoea. Onyo. Maabara wakaandika SERVER1. Onyo. Mganga mfawidhi aliyekuwa kwenye kikao Bukoba mjini akaandika lile jina refu kwenye simu, mfumo ukafunguka bila neno. Fundi akapigiwa simu, akasema kwangu inafunguka. Hasemi uongo! Anaandika jina lililo kwenye cheti, wenzake wanaandika mengine.

Mtu ataniuliza, si angeomba tu cheti chenye majina yote matatu? Haiwezekani. Mamlaka za vyeti zinazoaminiwa na vivinjari haziruhusiwi kutoa cheti kwa anwani za ndani kama hizo za 192.168, wala kwa jina la ndani kama SERVER1. Zilipewa mpaka tarehe 1 Novemba 2015 ziachane na vyeti hivyo, na vilivyokuwa bado hai vikafutwa kufikia Oktoba 2016. Ukifikiri, ni haki. Hospitali ngapi, shule ngapi, bohari ngapi duniani zina kompyuta iitwayo SERVER1? Ukimthibitishia mmoja jina hilo, umewathibitishia wote.

Upo na mtego wa zamani zaidi, na bado unanasa watu. Zamani jina la seva liliandikwa kwenye sehemu moja ya cheti, sehemu ya jina la kawaida, na vivinjari vikaridhika. Baadaye ikawekwa orodha maalumu ya majina mbadala ndani ya cheti, na tangu Aprili 2017, toleo la 58 la Chrome lilipotoka, kivinjari hicho kinasoma orodha hiyo tu. Ukijitengenezea cheti kwa maelekezo ya miaka kumi na tano iliyopita, ukajaza jina mahali pa zamani na kuiacha orodha tupu, kwa Chrome cheti chako hakina jina kabisa. Fundi atakikagua mara kumi, ataliona jina kwa macho yake, na hataelewa kosa liko wapi.

Dawa yake ni kuchagua jina moja na kulilazimisha kila mahali. Hospitali ikisema mfumo wetu unaitwa mfumo.mfano.or.tz, basi ndani ya ua na nje ya ua, kwenye kompyuta na kwenye simu, wote waite jina hilo. Lakini ndani ya ua, jina hilo litaipataje ile 192.168.1.10? Kwa kuielekeza ruta ya hospitali, au seva ndogo ya majina, kwamba atakayeuliza jina hilo humu ndani ajibiwe anwani ya humu ndani. Hivyo intaneti ikikatika, na radi za ukanda wetu mnazijua, mhudumu anaendelea kuifikia seva iliyo chumba cha pili bila kubadili alichoandika. Ofisi yenye kompyuta mbili tatu inaweza kuandika jina na anwani kwenye faili liitwalo hosts katika kila kompyuta. Inafanya kazi, ila fundi akisahau moja, siku seva ikibadilishiwa anwani kompyuta hiyo itabaki inabisha hodi kwenye nyumba tupu.

Na cheti chenyewe si lazima muifungue seva kwa dunia nzima ili kukipata. Mamlaka ya vyeti inaweza kukutaka uweke maandishi fulani kwenye kumbukumbu za kikoa chako, ithibitishe kwamba kikoa ni chako, ikupe cheti, huku seva yenyewe imekaa ndani ya ukuta wa hospitali. Let's Encrypt, shirika lisilo la faida la Marekani lililoanza kutoa vyeti bure kwa umma Desemba 2015, linakubali njia hiyo. Kwa hiyo hoja ya kwamba cheti ni gharama haina miguu tena. Gharama iliyobaki ni ya akili na ya nidhamu.

Sasa nakuja kwenye mipangilio ya mfumo wenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi nyingi zinapoachwa nusu. Watu hudhani ukishapakia cheti umemaliza. Kumbe mfumo wa kiofisi una mahali pengi palipoandikwa jina la seva, na cheti kipya hakigusi hata mahali pamoja. Chukua DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya inautumia kukusanya takwimu zilizokuwa zikiishia kwenye vitabu vya MTUHA. Umetoka Chuo Kikuu cha Oslo, na upo katika nchi nyingi sana. Kwenye faili lake la mipangilio kuna mstari uitwao server.base.url, ambapo mfumo unaambiwa wewe mwenyewe unaitwa nani. Mstari huo ukiwa bado na anwani ya zamani, viungo ambavyo mfumo unaviandika wenyewe, kwa mfano kiungo cha kubadilishia nywila kinachotumwa kwa barua pepe, vitampeleka mtu kusikofaa, ingawa cheti ni kizima. Mbele ya mfumo huwekwa seva ya kupokea wageni, mara nyingi nginx, nayo ina jina ililoandikiwa. Nyuma yake ipo Tomcat, yenye faili lake na poti yake, 8080 au 8443, na kama cheti kimewekwa hapo basi kuna ghala la funguo la Java lenye nywila yake.

Hapo kwenye nywila nitachomekea neno. Nywila ya kuanzia ambayo Java na Tomcat zimeizoesha dunia ni "changeit", yaani ibadilishe. Mtengenezaji amekuandikia agizo ndani ya nywila yenyewe, na bado wapo wanaoiacha vilevile miaka na miaka. Sijui mtu wa namna hiyo unamsaidiaje.

Tuendelee. Mashine ya maabara inayotuma majibu kwenye mfumo imeandikiwa anwani ya seva. Programu iliyo kwenye simu ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii imeandikiwa anwani ya seva. Kwa vituo vinavyotumia GePG, mfumo wa malipo ya serikali wenye zile kontroo namba, taarifa kwamba mgonjwa amelipa inarudi kwenye anwani ambayo kituo kimeiandikisha, na ujumbe wenyewe hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa cheti. Badilisha jina la seva bila kuwaarifu wa upande wa pili, na mgonjwa atalipa kwa simu, pesa itakatwa, ila dirishani mfumo utaendelea kusema hajalipa. Hapo ugomvi unaangukia kwa nani? Kwa dada yule yule wa dirishani.

Kwa hiyo fundi mzuri, kabla hajagusa cheti, anachukua karatasi na kuandika kila mahali jina la seva lilipotajwa. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na hakuna atakayempigia makofi. Ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo linaloitwa mnyororo wa vyeti. Kwenye barua yetu, benki inaweza isiujue muhuri wa mtendaji wa kijiji, lakini ikiona mtendaji wa kata amegonga chini yake, na wa kata anajulikana halmashauri, inakubali. Vyeti navyo vinakwenda hivyo. Mamlaka kuu haigongi cheti chako moja kwa moja. Inamgongea wa kati, na wa kati anakugongea wewe. Ukipakia kwenye seva cheti chako peke yake, ukamwacha wa kati, utaona kioja. Kompyuta ya ofisini itafungua vizuri, kwa sababu vivinjari vya kompyuta mara nyingi vinajua kumtafuta wa kati vyenyewe au vinamkumbuka kutoka tovuti nyingine. Programu nyingi za kwenye simu za Android hazimtafuti. Zitakataa. Nanyi mtakaa kikao kizima mkilaumu simu za wahudumu kwamba ni za bei rahisi, na huku kosa ni faili moja lililosahaulika kwenye seva.

Lakini simu za zamani zina kesi yao ya kweli. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha juu kilichokuwa kikiegemewa na Let's Encrypt kiliisha muda. Simu za Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 hazikuwa na cheti cha juu kipya kwenye orodha yao, na ilibidi shirika hilo lifanye mpango wa pekee ili ziendelee kufungua kurasa hadi mwaka 2024. Seva kuukuu zenye programu za usalama zisizosasishwa hazikubahatika hivyo. Nyingi ziligoma siku hiyo hiyo. Ofisi inayopokea kompyuta za msaada zilizotumika Ulaya miaka kumi ijue kwamba orodha ya mihuri iliyomo humo ni ya miaka kumi iliyopita.

Na tarehe? Hili ni letu hasa. Umeme wa Bukoba na jirani zake kwa miaka mingi umekuwa ukitoka Masaka, Uganda, kupitia Kyaka, na kukatika kwake sina haja ya kumsimulia mtu wa Kagera. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayoifanya ikumbuke saa hata umeme ukizimwa. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka ilipotengenezwa. Kwa kompyuta inayodhani leo ni Januari 2009, cheti kilichotolewa mwezi uliopita hakijazaliwa. Italeta onyo, na fundi asiyetazama saa iliyo pembeni mwa skrini atafuta na kupakia cheti upya mchana kutwa. Angebadilisha betri, akaiamuru kompyuta ijisahihishe saa kwenye mtandao, angekula chakula cha mchana kwa wakati.

Kuisha kwa muda kunawapata hata wakubwa. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kimoja ndani ya programu za Ericsson, zinazoendesha mitambo ya simu, kiliisha muda bila kuhuishwa. Uingereza wateja wa O2, mtandao wenye watu wapatao milioni 32, walikosa data kutwa nzima. Japani wateja wa SoftBank nao wakakwama. Hakukuwa na mdukuzi wala waya uliokatwa. Ni tarehe tu ilipita, na Ericsson wakaomba radhi hadharani.

Sasa sikilizeni kinachokuja, maana kitawakuta wengi vitandani. Tangu Septemba 2020 cheti cha tovuti kilikuwa hakiruhusiwi kuzidi siku 398, yaani mwaka na mwezi. Aprili 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari wakapitisha ratiba mpya: kuanzia tarehe 15 Machi 2026 kisizidi siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 siku 47. Siku arobaini na saba! Na Juni 2025 Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti chako kinakaribia kuisha. Wanataka mashine yenyewe ihuishe cheti, bila kumsubiri mtu akumbuke.

Fikirini maana yake kwa hospitali ya kijijini ambayo fundi wake anaishi Mwanza. Chini ya utaratibu wa zamani angepanda MV Victoria usiku mara moja kwa mwaka, ashuke Kemondo asubuhi, afike, apakie cheti, apewe posho, aondoke. Kwa siku 47 atakuwa anakuja mara nane kwa mwaka. Hakuna bodi ya hospitali itakayolipa hilo. Kwa hiyo atakayefunga mfumo leo bila kuweka programu inayohuisha cheti yenyewe, certbot au nyingine, na bila kuhakikisha kwamba seva inajiwasha upya na kusoma cheti kipya, anawauzia ugonjwa wa kuja kuwatibu baadaye.

Ufunguo wa siri nao nisiuache. Cheti unaweza kukibandika ukutani, hakina siri. Ufunguo wake ndio siri yenyewe, na haupaswi kutoka kwenye seva ulikozaliwa. Nimesikia mafundi wakiombana faili hilo kwenye kundi la WhatsApp lenye watu sitini, "nirushie ile key". Ufunguo uliopita huko umekwisha kazi. Toeni mwingine, ombeni cheti kipya, cha zamani kifutwe. Na msiseme mamlaka zinalinda kila kitu, maana hata mwenye muhuri huibiwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajigongea cheti cha jina la Google, kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran waliokuwa wakisoma barua pepe zao. Kabla ya mwezi Septemba kwisha kampuni ile ilikuwa imefilisika.

Najua hoja inayonisubiri. Mzee mmoja wa bodi atasema, mwanangu, hizo ni habari za Uholanzi na Iran. Sisi mfumo wetu uko ndani ya ua, nani aje Izimbya kutudukua?

Namjibu kwa heshima. Mzee wangu, ndani ya ua huo kuna Wi-Fi, na nywila ya Wi-Fi wanaijua wanafunzi wa mazoezi, wageni, fundi wa jenereta na kijana anayeuza vocha getini. Mtu aliye kwenye mtandao huo huo, mwenye kompyuta ya kawaida na programu za bure, anaweza kujiweka katikati ya dirisha la malipo na seva, akajifanya ndiye seva. Cheti atakachokitoa ni cha uongo, na kivinjari kitamkamata papo hapo na kuleta onyo. Onyo lile lile ambalo dada wa dirishani amelizoea kila asubuhi. Atafanya nini? Atabonyeza tu. Ataandika jina lake na nywila yake, na mwizi atavipokea vyote viwili. Kwa kumfundisha mhudumu kupuuza onyo la uongo, mmemfundisha kupuuza na la kweli, kwa sababu kwa macho yake hayatofautiani hata herufi.

Na kinachoibwa si pesa peke yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu wa Kagera. Wazee wetu wanajua jina la mtu lilivyotembea kijijini miaka ile, ndoa zilivyovunjika na watoto walivyotengwa kwa sababu ya jambo lililonong'onwa. Mwaka 2023, Marburg ilipotangazwa Machi hapa Bukoba Vijijini, tukaona tena hofu inavyolifuata jina la familia. Mkoa wenye kumbukumbu hiyo haufai kuwa wa mwisho kujali nani anasoma majibu ya maabara.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inamtaka anayezikusanya ajisajili na azilinde. Mkusanyaji ni hospitali. Si fundi wa Mwanza. Siku mambo yakiharibika, barua itaandikwa kwa mganga mfawidhi na bodi yake.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wajumbe wa bodi za hospitali na za vyama vya msingi, ninyi mnaotia saini malipo. Kwenye mkataba andikeni jina moja la mfumo, andikeni kikoa kimesajiliwa kwa jina la taasisi na si la fundi, andikeni ni nani atakayejua cheti kikikaribia kuisha na namba yake ya simu. Siku ya makabidhiano msikae ofisini kutazama skrini ya fundi. Mwambieni azime kompyuta yake. Nendeni naye kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote, ile ya dirishani, afungue mfumo hapo. Kisha chukueni simu ya mhudumu wa kawaida, mzime Wi-Fi, afungue kwa data yake. Kisha mzime umeme dakika kumi, mwashe, afungue tena. Onyo likitokea hata mara moja, saini ya malipo ya mwisho isubiri.

Nawe dada uliye dirishani, kuanzia kesho onyo likija usibonyeze. Lipige picha kwa simu yako, mpelekee mkuu wako, andika kwenye kitabu saa lilipotokea, na wagonjwa uwaandikie risiti ya mkono mpaka fundi atakapokuja kueleza.